Kura, bambo na sufuria mbili za maharage

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa takwimu

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mliosafiri kuwasindikiza watoto, na ninyi wenyewe wanangu wa mwaka wa kwanza: itifaki imezingatiwa. Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba chai iko tayari na sambusa zinapoa, kwa hiyo sitazunguka mbuyu.

Ni nani hapa amewahi kushika bambo? Mkono mmoja, miwili, mitatu. Ninyi watatu kwenu wanauza mazao, sina haja ya kuuliza. Kwa wengine: bambo ni kichuma chenye ncha kali na mfereji ndani yake. Mnunuzi wa nafaka hulichoma kwenye gunia lililoshonwa, punje zikateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani. Anazitazama, anatafuna moja, anachomoa bambo lake, na nyuzi za gunia zinajirudia kama vile hakuna kilichotokea. Gunia la kilo 100 limehukumiwa kwa punje thelathini.

Mjomba wangu alinunua mahindi kwa bambo miaka mingi, na likizo za shule mimi ndiye niliyembebea daftari. Wauzaji wajanja walijaza mahindi masafi juu, karibu na mshono, na yaliyotobolewa na dumuzi wakayasukuma chini. Mjomba alilijua hilo. Alikuwa analizunguka gunia, anatazama barabarani kama mtu aliyesikia anaitwa, halafu anachoma bila kuangalia. Akajisifia sana kwa mbinu hiyo. Ilinichukua misimu miwili kugundua kitu ambacho wauzaji walishakigundua zamani: mkono wa mjomba, hata macho yakiwa barabarani, ulikuwa unaangukia pale pale, usawa wa kiuno, upande wa kulia. Na siku hizo mahindi masafi yalikuwa yanapangwa wapi? Usawa wa kiuno, upande wa kulia.

Mnacheka, lakini mjomba alikuwa mtu makini kuliko wengi niliokuja kufanya nao kazi. Kosa lake lilikuwa kuuamini mkono. Mwambie mtu ataje namba yoyote kati ya 1 na 10, utashangaa 7 inavyotajwa na wengi. Akili inakwepa pembe, inakwepa mwanzo na mwisho, ina mazoea yake kama mkono. Tunahitaji kitu kisicho na mazoea, na Kiswahili kimekuwa na jina lake muda wote: kura.

Nataka mkae na neno hili kidogo. Leo ukisema kura, mtu anawaza sanduku, wino kidoleni na matokeo yanayotangazwa usiku. Lakini lilipotoka kwenye Kiarabu lilikuwa na maana ya kijiti, kokoto, kitu kinachovutwa bila kuonekana ili bahati iamue. Mliosoma habari za Yona, au Nabii Yunus kwa ndugu zetu Waislamu, mnakumbuka kura ilivyopigwa chomboni. Pale hakuna aliyekuwa anachagua diwani. Watoto mtaani bado wanapiga kura nani aanze kukaa golini. Maana zote mbili zinaishi ndani ya neno moja, na ile ya kwanza tunaisahau. Kuna jarida moja la Marekani liliisahau vibaya sana.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi takribani milioni 10 kuwauliza Wamarekani watamchagua nani kuwa rais, Franklin Roosevelt aliyekuwa madarakani au mpinzani wake Alf Landon. Kadi zaidi ya milioni 2 zilirudi zimejazwa. Milioni mbili, jamani! Ukiwahesabu hao wawili peke yao, Landon alikuwa na asilimia 57 hivi, Roosevelt 43. Wakatangaza. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48, Landon akaambulia Maine na Vermont. Na si kwamba jarida lilikuwa la ovyo. Chaguzi kadhaa zilizotangulia lilikuwa limepatia. Miaka miwili baadaye halikuwepo tena.

Majina waliyatoa wapi? Kwenye vitabu vya simu, kwenye orodha za wenye magari, kwa wasomaji wao wenyewe. Mwaka 1936, uchumi umeanguka, watu wanapanga foleni ya supu, mwenye simu na gari ni nani? Halafu hata kati ya hao, kama robo tu ndio waliojibu, na anayejibu kadi ya namna hiyo mara nyingi ni mwenye hasira na serikali. Walikusanya kura milioni mbili bila kupiga kura. George Gallup, mpimaji mwingine wa maoni ya wapiga kura, akiwa amehoji watu takribani 50,000, alisema Roosevelt atashinda, akapata umaarufu. Msimpigie makofi haraka. Mwaka 1948 naye alimpa ushindi Dewey, ukaenda kwa Truman, na sababu mojawapo ni kwamba wahojaji wake walipewa idadi tu, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, wazee kadhaa, kisha wakaachwa wajichagulie wenyewe nani wa kumhoji. Mkono wa mjomba huo.

Nami nimewahi kuwa mkono wa mjomba, nikiri mbele yenu. Nikiwa kijana nilipata kibarua cha udadisi, yaani kuhoji watu, kwenye utafiti mmoja wa kaya. Kaya zilishachaguliwa ofisini, namba zimeandikwa kwa chaki juu ya milango. Ya kwangu ilikuwa 17. Mlango una kufuli. Saa saba mchana, jua la utosi, nimesharudi mara mbili. Kwenye kaya 18 kuna mama amekaa barazani anachambua mchele. Akanionea huruma, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nikakaa, nikamhoji yeye, nikaandika 17.

Hakuna aliyenigundua. Lakini hebu jiulizeni, saa saba mchana nyumbani anakuwepo nani? Mzee, mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, asiye na kazi. Aliyefunga kufuli yuko shamba, yuko sokoni, yuko kwenye bodaboda. Kila mdadisi akikwepa kufuli tatu kama mimi, ripoti itakuja kusema nchi nzima imekaa barazani inachambua mchele. Ndiyo maana siku hizi kwenye tafiti kubwa mdadisi haruhusiwi kubadilisha kaya. Unarudi jioni. Unarudi kesho. Ukishindwa, unaandika umeshindwa.

Chukueni Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa Tanzania wa mwaka 2022. Kwanza yalichaguliwa maeneo 629 ya kuhesabia watu, kisha kaya 26 katika kila eneo, jumla kaya 16,354. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 61,741,120. Mtu wa kijiweni akisikia hivyo anauliza, nani alikuja kwangu? Kaya elfu kumi na sita ziwasemee watu milioni sitini na moja?

Ndiyo, zinawasemea, na sababu haiko kwenye wingi wake. Iko kwenye kwamba kila kaya ilikuwa na nafasi ya kuchaguliwa inayojulikana, na wala si sifuri. Sikusema nafasi sawa. Hapa wengi hujikwaa. Zanzibar ina watu wachache, kwa hiyo ili tuweze kuizungumzia peke yake, kaya za kule hupewa nafasi kubwa zaidi. Si kosa, mradi nafasi imeandikwa. Kaya iliyokuwa na nafasi moja kati ya 1,000 inawasemea wenzake 1,000. Iliyokuwa na nafasi moja kati ya 200 inawasemea 200. Idadi hiyo tunaiita uzito. Mimi nilipohama kutoka 17 kwenda 18, yule mama hakuwa na nafasi yoyote iliyoandikwa popote. Nilimwingiza mtu ambaye hakuna hesabu inayoweza kumpa uzito.

Na lile la wingi tulimalize. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa kura sawasawa wanakupa jibu lenye kupishana kama asilimia 3 juu au chini, iwe nchi ina watu milioni 5 au milioni 60. Ukitaka kupishana huko kupungue nusu, unahitaji watu mara nne. Tunaishia hapo, mtalikuta darasani mpaka mlichoke.

Sasa kupima nadharia tete, yaani dai linalosubiri ushahidi, ambako wengi wenu mtatoa machozi. Nyumbani kwangu tulipoacha mkaa tukahamia gesi, shangazi yangu alisusa maharage. Alisema ya gesi hayana ladha, yameiva kwa woga. Kila mmoja hapa ana shangazi wa aina hiyo. Mimi nikaona nafasi ya kumaliza ubishi kitaalamu.

Nililoweka kilo moja usiku kucha, asubuhi nikagawa nusu kwa nusu. Sufuria mbili zinazofanana, maji nimeyapima, kitunguu kimoja kila upande, chumvi kwa kijiko kile kile. Moja juu ya jiko la mkaa, moja juu ya gesi. Yalipoiva nikapakua bakuli nane, nne za mkaa na nne za gesi, nikaacha zote zipoe sawa. Mtoto wa jirani akavuta vikaratasi vya kupanga ipi itangulie, akaziandaa mwenyewe jikoni nisimtolee shangazi siri kwa uso wangu. Shangazi aliambiwa ziko nne na nne, achague nne za mkaa. Akakaa mkekani, kanga begani, anaonja kijiko, anasukutua, anafumba macho. Dakika ishirini hakusema neno.

Wazo hilo si langu. Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, mtaalamu wa mwani aliyeitwa Muriel Bristol alikataa kikombe cha chai kwa sababu maziwa hayakutangulia kumiminwa. Alisema anaweza kutofautisha kwa kuonja. Kwetu sisi ubishi huo usingezaliwa, maana maziwa na majani tunayachemsha pamoja. Ronald Fisher, mtakwimu wa kituo, alikuwepo, na katika kitabu chake cha 1935 akajenga juu yake jaribio la vikombe nane. Matokeo hakuyaandika. Kilichomshughulisha ni hesabu, nami nitawapa hesabu hiyo kwa maharage.

Tuseme shangazi hana lolote, anabahatisha tu. Hilo ndilo tunaliita nadharia tete sifuri: dai kwamba hakuna kitu. Kuchagua bakuli nne kati ya nane kuna njia 70. Hesabuni wenyewe: nane mara saba mara sita mara tano, gawa kwa 24. Kama anabahatisha, njia zote 70 zina nafasi sawa. Kupatia zote nne, njia 1. Kupatia tatu, njia 16. Mbili, njia 36. Moja, 16. Kukosa zote, 1. Kwa hiyo mbahatishaji anapatia zote mara moja kati ya 70, chini ya asilimia moja na nusu.

Shangazi alipatia tatu.

Mbahatishaji angefanya vizuri kiasi hicho au zaidi kwa njia 17 kati ya 70, asilimia 24. Hiyo asilimia 24 ndiyo thamani ya p mtakayoisikia mpaka mnahitimu. Mpaka uliozoeleka ni asilimia 5. Fisher mwenyewe mwaka 1925 aliandika kwamba moja kati ya ishirini ni mpaka wa kufaa, na wasomi wakaugeuza kuwa amri. Hauko hivyo kila mahali. Wanafizikia wa CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya, walipotangaza chembe ya Higgs Julai 2012, walisubiri mpaka bahati tupu iwe kama moja kati ya milioni 3.5. Kosa lako litamgharimu nani na kiasi gani? Hapo ndipo mpaka unapotoka.

Basi nikamwambia shangazi, kwa asilimia 24 hukuthibitisha. Nilivyomwona anavyonitazama, nikajua nimesema vibaya, na kweli nilikuwa nimesema vibaya mara mbili.

Mara ya kwanza: asilimia 24 haisemi kuna nafasi ya asilimia 24 kwamba shangazi anabahatisha. Inasema kwamba kama angekuwa anabahatisha, tungeona matokeo ya namna hii au zaidi mara 24 kati ya 100. Sentensi hizo zinafanana kwa sura, lakini moja inaanzia kwenye dai na kwenda kwenye matokeo, nyingine inarudi kinyumenyume. Madaktari wengi, waandishi wa habari wengi, na maprofesa si haba, hurudi kinyumenyume. Mwaka 2016 Chama cha Watakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko kulisema hilo, miaka tisini baada ya Fisher. Na kutothibitisha kipaji chake si kuthibitisha kwamba hana. Jaribio langu lilikuwa kali kupita kiasi: kwa bakuli nane, chini ya asilimia 5 unaingia kwa kupatia zote tu. Tuseme shangazi ana ulimi wa kweli, kila bakuli anapatia mara nane kati ya kumi. Kwa hesabu yangu angeshindwa jaribio hili zaidi kidogo ya nusu ya mara. Watakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson ndio waliotufundisha kuyaweka makosa mawili mezani kwa pamoja: kumsifu mbahatishaji, na kumnyima sifa mwenye ulimi. Mimi nilijilinda na la kwanza, la pili nikaliachia mlango wazi.

Mara ya pili aliniambia mwenyewe. Alisukuma bakuli, akasema, "Mwanangu, wewe umepika sufuria mbili. Nane ziko wapi?"

Nilinyamaza. Wanangu, kaeni na hilo hata kama mtasahau mengine yote. Bakuli zilikuwa nane, mapishi yalikuwa mawili. Kama sufuria moja ilizidi chumvi kwa punje chache, au ilikaa motoni dakika tano zaidi, bakuli zote nne zingekuwa na alama hiyo. Shangazi angeweza kuzitenga nne na nne bila kosa, kisha akabaki na swali moja tu, fungu lipi ni la mkaa, ambalo hata kipofu wa ulimi anapatia nusu ya mara. Ile moja kati ya 70 niliyojivunia ilikuwa moja kati ya mbili. Hesabu yangu ilidhani bahati imeingia mara nane; kumbe mimi, mtu wa shahada, nilikuwa nimeiruhusu iingie mara moja tu, siku nilipoweka sufuria ipi juu ya jiko lipi. Na hata hapo sikupiga kura. Niliweka ya gesi iliyokuwa karibu na mkono wangu.

Kuna mkeka mwingine nataka kuugusa, si wa shangazi. Naona vijana mmeanza kutabasamu. Mtu anaweka mikeka ishirini ya kubashiri mechi, kumi na tisa inachanika, mmoja unatiki. Anaupiga picha, anauweka kwenye hadhi ya simu: kijana anajua mpira. Watafiti nao wako hivyo. Ukipima mambo ishirini yasiyo na kitu chochote ndani yake, kila moja kwa mpaka wa asilimia 5, na hayategemeani, nafasi kwamba angalau moja litang'ara ni asilimia 64. Ukiandika makala ya hilo moja ukanyamazia kumi na tisa, hujadanganya kwa tarakimu hata moja. Hata kura ya chomboni ingemwangukia mtu tu, vyovyote iwavyo. Yona alikiri mwenyewe, kwa hiyo pale sina ubishi.

Nimalizie na kura iliyopigwa hadharani, mbele ya kamera, ikaharibika. Tarehe 1 Desemba 1969, Marekani, vita vya Vietnam. Serikali iliamua vijana waliozaliwa kati ya 1944 na 1950 waitwe jeshini kwa kura ya siku ya kuzaliwa, ili mtoto wa tajiri na wa maskini wawe na nafasi moja. Siku 366, kila moja kwenye kikaratasi ndani ya kidonge cha plastiki cha buluu, vidonge vyote kwenye chombo kirefu cha kioo. Cha kwanza kuvutwa kilikuwa 14 Septemba. Aliyezaliwa siku hiyo akapata namba 1. Mwishowe waliitwa mpaka namba 195, kwa hiyo ukipata 300 unalala usingizi, ukipata 20 unafungasha.

Siku chache hazikupita watu wakaanza kuona kitu. Mkichukua wastani wa namba za kila mwezi, kama vidonge vimechanganyika, kila mwezi ungezungukia 183 na nusu. Januari ilipata wastani wa 201. Desemba ilipata 121 na nusu. Miezi ya mwisho wa mwaka ilikuwa inashuka, inashuka, kuelekea Vietnam.

Mwanafunzi mwerevu ataninyooshea kidole: mzee, umeichagua Desemba baada ya kuona, huo si mkeka uliotiki? Ni kweli, na ndiyo maana watakwimu hawakuishia kwenye Desemba. Waliuliza kuhusu mwelekeo mzima, toka mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Ninyi mnaweza kufanya hivyo leo usiku kwa kompyuta, bila fomula: chukua namba 1 hadi 366, zichanganye kabisa, zigawe kwenye siku, pima mwelekeo, andika. Rudia mara elfu kumi. Halafu tazama ni mara ngapi umepata mwelekeo mkali kama ule wa 1969. Mtasubiri sana. Uwezekano wake ni chini ya moja kati ya 1,000, chini mno. Nadharia tete sifuri hapa ilisema vidonge vilichanganywa, na ikashindwa kusimama.

Kilichotokea kinaelezeka jikoni kabisa. Vidonge viliingizwa sandukuni mwezi kwa mwezi. Januari ikawekwa, Februari ikaongezwa na kuchanganywa nayo, Machi ikafuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Januari ilichanganywa tena na tena. Desemba ilifika mwisho, ikachanganywa mara moja. Sanduku likatikiswa kidogo, likabebwa, vidonge vikamiminwa kwenye chombo, na mikono iliyovuta haikuzama mpaka chini. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyemchukia mtu wa Desemba. Kura iliyofuata wakabadilisha utaratibu, tarehe zikavutwa chombo kimoja na namba chombo kingine, lakini wale wa mwanzo walishapewa namba zao.

Jumamosi hii tunarudia maharage. Shangazi ameweka masharti yake: sufuria kumi na mbili, sita za mkaa na sita za gesi, kila moja na mapishi yake. Nimempigia hesabu: njia ni 924, na safari hii akikosea hata bakuli moja bado atakuwa kwenye 37 kati ya 924, asilimia 4, ndani ya mpaka. Vikaratasi vya kugawa sufuria kwenye majiko vitakaa kwenye kapu, na amesema atalitikisa yeye, maana habari za vile vidonge nimemsimulia na haniamini tena. Majiko ya mkaa nimepata sita. Sufuria zimefika nane. Mwenye sufuria ya kuazima ya lita tatu, anione wakati wa chai.

Asanteni kwa kunisikiliza.